UZI: Wakenya tunapenda matatu, ama tuliachiwa matatu?

1/ Kila mjadala wa usafiri ukianza, hakosi mtu wa kusema: "Wakenya wanapenda fujo. Hata wakipewa mabasi mazuri watarudi kwa matatu." Mimi niko Bisil. Nikienda Kitengela napanda gari inayokaribia kujaa, kwa sababu ndiyo itatoka kwanza. Hayo si mapenzi. Hebu tuangalie historia.

2/ Mwaka 1934 Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi ikiwa na mabasi 13 kwa njia 12, na ikapewa haki ya kubeba abiria mjini peke yake. Mji wenyewe ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alihesabiwa kama kibarua mwenye kipande, si mkaaji.

3/ Baada ya uhuru watu wakamiminika mjini, mitaa ikapanuka, mabasi yakawa hayatoshi. Wenye gari kuukuu wakaanza kubeba watu kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Jina "matatu" lilitoka hapo. Biashara ilikuwa haramu, lakini watu walipanda tu, kwa sababu kazini lazima ufike.

4/ Mwaka 1973 ikatoka amri ya rais: gari hizo zibebe abiria bila leseni ya PSV. Nairobi zilikuwa karibu 400. Kufikia 1979 zilipita 1,500. Ona kilichofanyika: amri haikuleta basi hata moja. Wananchi waliambiwa wajipange.

5/ Serikali ilijaribu mabasi yake mwaka 1986, Nyayo Bus. Nauli ilikuwa nafuu na abiria walijaa. Miaka ya 1990 likaanguka kwa usimamizi mbaya. Sasa nani alikataa mabasi hapo? Si abiria.

6/ Februari 2004 kanuni mpya zikaanza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 kwa gari ndogo, sare kwa dereva na konda. Zilihitajika, watu walikuwa wanakufa barabarani. Lakini gari nyingi hazikuwa tayari, nauli ikapanda, na wengi wakaenda kazini kwa miguu. Hakukuwa na basi la kuziba pengo.

7/ Mwaka huo huo, utafiti wa JICA ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari za Nairobi zilikuwa za miguu. Matatu zilikuwa nambari mbili! Na ramani ya njia za matatu, zaidi ya 130, ilitoka 2014. Walioichora ni watafiti wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Nairobi, wakipanda matatu na simu mkononi. Miaka 41 baada ya ile amri.

8/ Ukimuuliza mtu "unasafiri na nini?" atakutajia kilichopo. Hajakwambia anachotaka, wala safari aliyoacha kwa kukosa nauli. Ndiyo maana takwimu za matatu haziwezi kutumika kama kura ya mapenzi.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi barabara ama mabasi, usibishane kuhusu tabia ya Wakenya. Muulize mambo matatu: nauli itakuwa pesa ngapi? Gari ya mwisho itatoka saa ngapi? Na anayetembea atapita wapi? Akikosa jibu, bado anatuambia tujipange.