"Hakuna Kilichoonekana": Historia Fupi ya Kipimo cha Choo

Ukitoka Morogoro mjini kwenda Dodoma unapita Dakawa: mto Wami, mifereji, na mashamba ya mpunga ya karibu hekta 2,000. Mtu anayeshinda kwenye maji hayo akiharisha, anapewa kikopo aende maabara. Majibu yakisema "hakuna kilichoonekana", wengi tunajua basi, yuko salama. Historia ya kipimo chenyewe inatuambia tusiharakishe.

Mwaka 1681 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa huko Delft, Uholanzi, aliharisha, akachungulia choo chake mwenyewe kwa lenzi aliyoitengeneza kwa mkono. Akaona vidudu vinatembea. Wataalamu wa leo wanaamini ilikuwa giadia. Mwaka 1875 Fedor Lösch, daktari wa St. Petersburg, akaandika kuhusu amiba aliowaona kwenye choo cha mgonjwa wa kuhara. Kituo cha afya cha leo bado kinafuata njia hiyo: choo kidogo, tone la maji ya chumvi, kioo, hadubini. Ila amiba hai hafi polepole. Choo cha majimaji kinatakiwa kisomwe ndani ya nusu saa hivi. Kikikaa foleni asubuhi nzima, mdudu hatembei tena na ni rahisi kumkosa.

Mayai ya minyoo yana shida nyingine: yanaweza kuwa machache ndani ya choo kingi. Mwaka 1954, Wajapani Kato na Miura walifunika choo kwa selofani iliyolowekwa kwenye glisirini ili mwanga upenye. Mwaka 1972, Naftale Katz na wenzake wa Brazili wakaongeza kibao chenye tundu la kupimia kiasi maalumu cha choo. Kwa kibao cha miligramu 41.7, unahesabu mayai, unazidisha kwa 24, unapata idadi kwa gramu moja. Hiyo ndiyo Kato-Katz, inayotumika sana Tanzania kuchunguza minyoo na kichocho cha tumbo. Lakini haifai kwa choo cha majimaji, wala haionyeshi giadia na amiba. Kwa mtoto anayeharisha, ni kifaa kizuri kinachojibu swali la mtu mwingine.

Na kuona nako siyo kujua. Mwaka 1925 Émile Brumpt wa Ufaransa alisema kuna amiba wawili wanaofanana, mmoja hana madhara. Wengi hawakumkubali. Mwaka 1993 ndipo Entamoeba histolytica na Entamoeba dispar walipotenganishwa rasmi. Vifuko vyao havitofautiki kwa hadubini. Kinachowatenganisha ni vipimo kama PCR, au vile vya antijeni vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo hata "amiba ameonekana" inaweza kumpa mtu dawa, huku chanzo cha kuhara kikibaki palepale.

Sasa ukipewa kikopo, peleka choo kikiwa kibichi. Uliza: mnatafuta mayai, au vidudu hai? Na kama bado unaharisha, rudi na sampuli nyingine siku nyingine, maana giadia hatoki kwenye choo kila siku. "Hakuna kilichoonekana" ni jibu la tone moja, kwa njia moja, saa ile.