Unapenda Hunger Games? Muulize kogo wako kuhusu 1934

Wasee, tuongee ukweli. Kila nikiposti kitabu cha dunia iliyoharibika, kuna mtu mzima hunijia kwa komenti: "Vijana mnapenda giza." Mimi nakataa.

Hunger Games ya Suzanne Collins, ya 2008, niliisoma nikiwa sekondari, kwa tochi, kwenye nyumba ya kampuni ambapo mama alikuwa mchumaji chai. Nchi imegawanywa wilaya. Kila wilaya inazalisha kitu cha kushibisha mji mkuu, na kutoka bila ruhusa ni kosa. Nilijiuliza, hii si ni Kericho?

Angalia. Wakoloni waliwabana Wakipsigis kwenye rizavu, na ardhi nzuri wakapewa wazungu. Miaka ya 1920 kampuni za Uingereza zikaanza kupanda chai. Mwanaume Mwafrika alibeba kipande ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Akishikwa bila hicho, ni faini ama jela. Halafu 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Malaibon. Ukoo mzima wa Talai, wazee kwa watoto, ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Serikali iliogopa ushawishi wa viongozi wao. Lakini mtoto wa miaka mitatu alikuwa amekosa nini?

Shuleni mambo kama haya tulipewa kama tarehe za kukariri. Riwaya ilinipa Katniss, msichana wa miaka 16, mwenye njaa na mwoga kama mimi, anayeuliza nani alitunga hizi sheria na nani anashiba. Hicho ndicho kinatuvuta.

Tofauti ni kwamba kitabu huisha. Watalai waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, na wengi hawakupata ardhi. Wajukuu wao bado wanaidai. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho, na watu wakauliza vijana wa huku wana shida gani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikosekana, kwa hivyo hilo swali silioni geni.

Soma riwaya zako bila aibu. Lakini wikendi hii kaa na kogo, umuulize walikuwa wanaishi wapi kabla ya chai. Rekodi na simu. Hao wanaokumbuka wanaisha.