Bendera, Taa na Neno la Kweli

Ewe msomaji wa Meru au Embu, reli haikufika kwenu. Ukitaka kuiona, huna budi kuteremka hadi Sagana, au kuuzunguka mlima mpaka Nanyuki. Reli hiyo ilitoka Nairobi, ikafika Thika mwaka 1913, na Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiitazama utaona ya kuwa njia ni moja tu. Basi jiulize: gari la moshi likitoka huku, na jingine likatoka kule, ni nini kitakachoyazuia yasigongane?

Waingereza wa zama za Malkia Victoria walijifunza jibu kwa taabu. Hapo mwanzo walitegemea saa. Gari likiondoka, mlinzi mwenye bendera alingoja dakika kadhaa, kisha akaliruhusu la pili. Wala hakuweza kujua kama lile la kwanza limekwama mbele. Usiku taa nyekundu ilionya hatari, na nyeupe ilionyesha usalama. Lakini kioo chekundu kikivunjika, taa ya hatari iligeuka kuwa ya usalama! Ndiyo sababu baadaye rangi ya kijani ilishika mahali pa nyeupe. Na pale reli ilipokata barabara kuu, sheria ya mwaka 1839 iliagiza pawekwe malango na watu wa kuyalinda.

Mwaka 1889, karibu na Armagh huko Ireland, mabehewa yaliyofunguliwa mlimani yaliserereka kurudi nyuma, yakagonga gari lililokuwa likifuata. Watu 80 walikufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Mwaka ule ule sheria ikakataza kutegemea saa: gari la abiria lisiingie katika kipande cha njia kabla lililotangulia halijatoka.

Reli yetu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, somo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Nyaya za simu ziliifuata reli barani. Stesheni masta, ambao wengi wao katika miaka ile walikuwa Wahindi, waliulizana kwa simu kama njia i wazi. Pasipo jibu, gari halikuondoka.

Tafakari, basi. Aliyeuliza hakumwona aliyejibu, na abiria waliolala hawakumjua hata mmoja wao. Roho zao zilikuwa mikononi mwa mtu aliyekesha peke yake nyikani, akasema lililo kweli.