Kuni Ulizihesabu Lini?

Kila usiku kabla ya kulala huzunguka nyumba yangu nikizima taa. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei nafuu, nami sitaki kuvuka hapo. Nikikuta taa ya uani imeachwa ikiwaka, watoto husikia sauti yangu. Siku moja dada yangu, aliyekuja kutusalimu, aliniona nikigomba akacheka.

“Mdogo wangu,” akasema, “kuni ulizihesabu lini?”

Sikuwa na jibu. Swali hilo limenirudisha mbali.

Nilizaliwa hapa Isingiro katikati ya miaka ya 1960, tulipokuwa bado sehemu ya Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilikuja kuundwa mwaka 2012. Fedha tuliyotoa kwa ajili ya moto na mwanga ilikuwa ndogo: kiberiti na chupa ya mafuta ya taa. Hata hivyo, Mama alibana matumizi kuliko ninavyobana mimi leo. Usiku alifukia makaa katika majivu ili asubuhi apulize tu. Yakizimika, tulitumwa kwa jirani kuomba moto, tukaubeba katika kigae. Maharage yalilowekwa tangu jioni ili yaive mapema. Chungu cha ndizi kilifunikwa kwa majani ya mgomba, yakabanwa vizuri ili mvuke usitoke. Kuni zilikaushwa kwanza juu ya uchaga, kwa maana kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yake yenyewe.

Sisi tuliyaona hayo kuwa ni mapishi tu. Uchumi tuliujua kwa mafuta ya taa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilipokwisha mwaka 1979, nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni huku bei ya mafuta duniani ikipanda. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Shida ikadumu kuliko hapo. Mafuta ya taa yakawa adimu. Baba akatoa amri: koroboi iwe moja, ya kusomea, na izimwe saa tatu usiku. Kila jioni aliitikisa chupa kujua kilichobaki.

Mimi nilisoma kwa mwanga ule. Dada, aliyenitangulia darasa moja, alirudi jioni na mzigo wa kuni kichwani, akasaidia kupika, kisha akasinzia juu ya daftari. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari, yeye hakuchaguliwa. Watu walisema hana kichwa. Hakuna aliyeutikisa mzigo wake kama Baba alivyoitikisa ile chupa.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili hivi. Wengine waliwekwa katika kambi za Karagwe. Hadi waliporudishwa Desemba 1996, mkoa wa Kagera ulikuwa na wakimbizi karibu nusu milioni. Siwalaumu waliokimbia kuuawa. Nao walipewa maharage na mahindi makavu, vyakula visivyoiva bila moto mwingi. Miti ikaisha kuzunguka kambi, na safari ya kuni ikawa ndefu kwa mgeni na mwenyeji. Hapo wataalamu wakaanza kufundisha kambini: loweka maharage, funika sufuria, kausha kuni, kinga moto na upepo. Yalikuwa yale yale ya Mama.

Baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zilizidi kusogea vijijini, nasi tukapata LUKU. Lakini umeme wetu ni wa taa, simu na redio. Chakula bado tunapikia kuni, kama nyumba nyingi za huku. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiilinda bili ndogo, ile inayotoka mfukoni mwangu. Bili kubwa iko kichwani kwa mke wangu na wajukuu wa kike, nayo haina mita.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Mimi nimeanza na jiko la udongo lililozungushiwa ukuta, mikaratusi michache nyuma ya shamba, na mtungi mdogo wa gesi kwa chai ya asubuhi. Siku ya Jumamosi kuni naleta mimi kwa baiskeli, na mjukuu wangu anakaa na daftari lake.

Ndugu msomaji, taa za bure zizime, ni vyema. Lakini kabla ya kutafuta njia ya kupunguza gharama, uliza kwanza nani nyumbani mwako anazilipa.