Jackie Chan Alipofika Kisondela

Kanda ilifika Kisondela ndani ya mfuko wa rambo, katikati ya furushi la mitumba, kwenye Hiace iliyotoka Tukuyu. Ilikuwa mwaka 2001. Jalada lake lilikuwa limepotea siku nyingi, na mtu fulani alikuwa ameandika ubavuni kwa kalamu ya wino: JACKIE NA MNYAMWEZI. Hatukuhitaji maelezo zaidi. Jackie ni Jackie, na katika lugha ya vijana wa wakati ule, Mnyamwezi alikuwa Mmarekani mweusi.

Jina halisi la filamu hiyo, Rush Hour, nililijua miaka mingi baadaye. Ilitoka Marekani Septemba 1998, ikaongozwa na Brett Ratner. Ilitengenezwa kwa dola milioni 33 hivi, ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani kote. Kisondela haikuchangia hata senti moja katika hesabu hiyo. Sisi tulilipa shilingi 50, zikaishia kwenye petroli ya jenereta.

Kibanda chetu cha video kilikuwa cha mabanzi, kimeezekwa bati, kimebanwa kati ya migomba na njia ya kwenda kwenye mashamba ya chai. Ndani kulikuwa na deki, televisheni ya nchi 21, mabenchi sita, na watu wengi kuliko mabenchi. Anayeijua Rungwe anajua mvua yake: ikianza kupiga bati, husikii kitu. Lakini sauti ya filamu haikuwa na umuhimu mkubwa, kwa sababu kati yetu watu wasiozidi watatu ndio walioweza kufuatilia Kiingereza cha Chris Tucker. Tulikuwa na mtafsiri.

Tulimwita DJ. Alikuwa kaka wa hapo hapo aliyewahi kuhangaika Dar es Salaam akiuza kanda, na huko alikuwa amemsikiliza Lufufu, mtafsiri ambaye sauti yake ilikuwa imerekodiwa juu ya mamia ya filamu na kusambaa nchi nzima. Kanda zenye sauti ya Lufufu zilikuwa ghali, kwa hiyo DJ wetu alitafsiri yeye mwenyewe, akiwa amesimama pembeni ya televisheni na kijiti mkononi kama mwalimu wa jiografia.

Kazi yake ilikuwa ya zamani kuliko alivyodhani. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, ukumbi ulikuwa na msimulizi wake, na watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuiona filamu. Uganda, vibanda vya Kampala vilikuwa na watafsiri wao. Hapa kwetu Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu wa Waingereza ulioweka makao Vugiri, milima ya Usambara, ulizungusha lori lenye sinema vijijini, na maelezo ya Kiswahili yakatoka kwenye santuri za gramafoni. Moja ya filamu zao ilihimiza watu waweke fedha benki ya posta badala ya kuzifukia ardhini. Filamu nyingi za aina hiyo zilikuwa na watu wawili: mmoja mwerevu, anayefuata ushauri wa serikali, na mmoja mjinga. Mtazamaji alikuwa ameshaambiwa amcheke nani.

Nalitaja hilo kwa sababu filamu ya askari wawili wasiolingana nayo husimama juu ya jozi. Hollywood iliitengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1980: 48 Hrs. mwaka 1982, Lethal Weapon mwaka 1987, Bad Boys mwaka 1995. Mmoja mtaratibu, mmoja mropokaji. Wanapewa kazi moja, wanachukiana, wanaokoana, wanakuwa marafiki. Tofauti na filamu za Vugiri ni kwamba hapa ujinga unapokezanwa. Leo hajui huyu, kesho hajui yule. Waliokua na Radio Tanzania walikuwa wameshauonja mchezo huo kwa Pwagu na Pwaguzi, na wahenga walishasema kwamba kila pwagu ana pwaguzi wake.

Katika Rush Hour, binti wa balozi mdogo wa China ametekwa Los Angeles. Balozi anamwomba Inspekta Lee, rafiki yake kutoka Hong Kong, aje kusaidia. FBI hawamtaki, kwa hiyo wanaomba polisi wa jiji watoe mtu wa kumzungusha mgeni mbali na kazi. Polisi nao wana mtu wanayetaka kumwondoa machoni: Carter, mpelelezi mwenye mdomo usiopumzika. Ndivyo wawili wasiotakiwa na wakubwa wao wanavyokutana uwanja wa ndege.

Carter anamtazama Lee, anahitimisha kwamba huyu hajui Kiingereza, kisha anafanya kile ambacho watu wa mjini hufanya wakikutana na asiyejua lugha yao: anaongeza sauti. Lee anatabasamu tu. DJ alisimamisha kanda hapo.

"Huyu Carter ni polisi wa Dar," alitutangazia. "Na huyu Lee ametoka Tukuyu leo hii. Amebeba na ndizi."

Kibanda kililipuka. Tangu hapo filamu ikawa yetu. Carter alipompakia Lee garini na kumwonyesha mji, DJ alimtajia Kariakoo, Magomeni na Manzese, akimwonya asishangae maghorofa. Lee aliendelea kunyamaza. Halafu ikafika sehemu ambapo Lee ametoroka, amedandia basi, amekamatwa, na ghafla anazungumza Kiingereza safi. Carter anakasirika: kumbe unajua! Lee anajibu kwamba hakuwahi kusema hajui. Ni Carter aliyedhani. Na kuna faida kumwacha mtu anayependa kuongea aongee.

Nakumbuka kelele za wakati ule kuliko kitu kingine chochote katika filamu hiyo. Watu walisimama juu ya mabenchi. Nami nilisimama, na nina sababu yangu.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Miaka saba nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili, na kabla ya hapo nyumbani tulizungumza Kinyakyusa. Januari ile, ghafla, biolojia, historia na hisabati zote zikawa Kiingereza. Shuleni kwetu aliyekamatwa akiongea lugha nyingine alivikwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Njia salama ilikuwa kunyamaza. Nilinyamaza karibu mwaka mzima. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mzito. Lee alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akinyamaza kama mimi, na ukimya wake ukageuka kuwa akili.

Nimekuja kusoma jinsi wengine walivyoipokea filamu ile. Marekani, kijana mmoja mpenzi wa Jackie Chan, Senh Duong, alikuwa akikusanya maoni ya wahakiki kuhusu filamu za Jackie, na Rush Hour ilipokaribia kutoka akaanzisha tovuti ya kuyaweka pamoja. Ndiyo Rotten Tomatoes, ambayo leo dunia nzima huitazama kabla ya kununua tiketi. Jackie mwenyewe amewahi kusema wazi kwamba hakuipenda filamu hiyo: hakuridhishwa na Kiingereza chake, na maneno ya Chris Tucker hakuyaelewa. Hilo lilinichekesha. Kumbe hata aliyekuwa mbele ya kamera alihitaji DJ.

Wahakiki wengine walilalamikia mizaha ya rangi na taifa, na hawakukosea. Baada ya kanda ile, watoto wa Kisondela walipita njiani wakitoa milio ya "Kichina" isiyokuwa lugha ya mtu yeyote, nami nikiwemo. Lakini kuna tukio moja ambalo naamini kibanda chetu kililielewa vizuri kuliko kumbi nyingi. Carter anaingia baa ya watu weusi, anamsalimia mwenye baa kwa neno ambalo mweusi humwambia mweusi mwenzake. Lee anaona ni salamu, anairudia kwa heshima zote, na ngumi zinaanza. DJ hakutafsiri neno lile. Alisema tu: "Utani una wenyewe, mgeni." Ilitosha. Sisi tumekulia katika nchi ambayo Mzaramo anaweza kumtania Mnyamwezi hata msibani, na mtu wa tatu akijaribu maneno yale yale anatafuta ugomvi. Hatukuhitaji somo la historia ya Marekani kujua Lee amekanyaga wapi.

Jioni ya pili babu yangu alikuja. Hakuwa mtu wa video. Alikuja kwa sababu alisikia kuna filamu ya Mchina na mtu mweusi wanaofanya kazi pamoja, na hilo alilijua.

Babu alijenga TAZARA. Reli haipiti Rungwe, lakini vijana wengi wa huku walipanda kwenda Mbeya kutafuta kazi ilipokaribia. Mkataba ulikuwa umetiwa saini 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakamilika 1975. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja. Baadhi yao hawakurudi. Makaburi yao yako Gongo la Mboto. Wachina hawakufundisha kwa maneno, maana maneno hayakuwepo. Mchina alishika chombo, akafanya, akakukabidhi, ukafanya. Ukikosea alikichukua, akafanya tena. Jamie Monson, mwanahistoria aliyewahoji wafanyakazi wa reli hiyo, anaeleza mafunzo ya namna hii katika kitabu chake cha 2009. Mimi nilikuwa nimeyasikia kwa babu, akinionyesha kwa mikono jinsi ya kushika nyundo.

Babu alikaa benchi la mbele. Kiswahili cha DJ kilikuwa cha kasi na cha Kariakoo, kwa hiyo nikakaa pembeni yake kumtafsiria kwa Kinyakyusa. Maneno ya Carter yalitoka Kiingereza, yakapita Kiswahili, yakafika sikioni kwa babu yakiwa yamechoka. Mapigano hayakumshtua. Kwenye uwanja wa ndege alicheka kidogo. Kisha ikaja sehemu ambapo Lee na Carter wanasubiri nje ya mgahawa usiku, wanawavizia wahalifu. Lee amenunua chakula cha Kichina. Carter anakula, anauliza hiki ni nini, anaambiwa ni mkunga, anaendelea kula. Wanazungumza juu ya baba zao, wote wawili askari, kila mmoja akimsifu wake kupita kiasi. Wanacheza muziki barabarani.

"Hapo wanadanganya," babu alisema kwa sauti.

Watu waligeuka.

"Sisi hatukula nao," alisema. "Kambi yao kule, yetu huku. Walilima mboga zao wenyewe. Mchana tulishika reli moja, jioni kila mtu kwao."

Hakuna aliyecheka. DJ aliacha kanda iendelee bila kutafsiri.

Wanyakyusa wana neno ukwangala: kukaa pamoja, kula na kunywa pamoja, kufurahia mwenzako. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliliona neno hilo kuwa zito kiasi cha kulifanya kiini cha kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vyetu vya marika. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, na mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kufanya kazi na mtu miaka mitatu bila kula naye si jambo dogo. Ni kasoro, na mtu anaweza kuibeba muda mrefu.

Nadhani ndiyo maana filamu za jozi hizi zinapendwa mahali ambapo watu wa aina mbili wamewahi kufanya kazi pamoja. Hazisimulii kilichotokea. Zinatoa kile kilichobaki. Reli ilijengwa, mizigo ilifika Zambia, viongozi walipeana mikono, na baina ya babu yangu na Mchina aliyemfundisha nyundo kulibaki sahani moja isiyoliwa. Hollywood, kwa sababu zake za biashara, iliipakua.

Filamu ilipokwisha, watu hawakutoka, maana mwishoni huonyeshwa makosa ya waigizaji, Jackie akisahau maneno na wote wakicheka. Hapo babu akamwita DJ.

"Mwanangu, irudishe pale wanapokula."

Minong'ono ilianza. Kurudisha kanda ni petroli, na kulikuwa na filamu nyingine inayosubiri. DJ alimtazama mzee, akabonyeza. Picha zikakimbia kinyumenyume: ngumi zikarudi kwenye mikono, watu wakaruka kurudi madirishani, hadi Lee na Carter wakasimama tena usiku, chakula mkononi.

Safari hii DJ aliweka kijiti chini, akatafsiri kwa Kinyakyusa, taratibu. Mkunga ulimshinda, akasema samaki. Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule Mchina," aliniuliza, "anamwitaje mwenzake?"

"Carter," nikamwambia.

"Na mwenzake anamwitaje yeye?"

"Lee."

Babu alitikisa kichwa. "Wangu alikuwa ananiita Rafiki," alisema. "Na mimi nilikuwa namwita Rafiki."

Akachukua mwavuli wake. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, na tulipanda mlima hadi nyumbani bila kuongea.