Kifungu cha Ngapi?

Tangu zama za utawala wa Wamazrui, watu wa Mombasa wamezoea kuipokea siasa kwa maneno mafupi yapitayo mdomo kwa mdomo. Beti za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zilizowachoma mahasimu wa mji wake, zilihifadhiwa kwa moyo hata na watu wasiojua kusoma. Shairi, hata hivyo, humfunza msikilizaji upande wa kusimama, wala halimwekei mbele maandiko yenyewe ya sheria. Na hilo ndilo lililogeuka nchini Kenya mwezi wa Juni 2024, jambo ambalo kwa rai yangu lastahili kutiwa katika tarikhi ya nchi.

Muswada wa Fedha wa mwaka huo, uliokusudiwa kukusanya takriban shilingi bilioni 346, uliandikwa kwa Kiingereza kizito cha wanasheria, na ijapokuwa ibara ya 118 ya Katiba imelifaradhia Bunge kuwashirikisha raia, ni wachache mno waliokuwa na ada ya kuusoma muswada wowote. Vijana wa Gen Z wakaukatakata: huyu akaeleza kifungu kimoja kwa video fupi ya TikTok, yule akakifasiri kwa lugha ya kwao ili wazee wafahamu. Mkate ungetozwa ushuru wa asilimia 16. Gari lingelipiwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwenyewe akatapo bima, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Basi dereva wa teksi mwenye gari la shilingi 800,000 akapiga hesabu, akaona 20,000 zamtoka kabla hajapata abiria.

Uongo nao ulienea, kama ueneavyo katika kila njia ya habari, lakini mwenye shaka sasa aliweza kuuliza, "Kifungu cha ngapi?", na swali hilo, naliona mimi, ni elimu kubwa kuliko video zote.

Tarehe 18 Juni kodi ya mkate na ya magari zikaondolewa. Tarehe 25 Bunge likaupitisha muswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji waliokuwa wakiupinga wakaingia bungeni, na vijana wakauawa kwa risasi, Mungu awarehemu. Siku ya pili yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi, na tarehe 5 Julai akaingia mwenyewe katika mtandao wa X, akaulizwa maswali na vijana wale wale mbele ya taifa zima.