Mnazi, Ardhi na Mji: Historia ya Mkulima wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika madarasa yetu ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara, hasa na vijana waliozaliwa mjini: mkulima wa Kunduchi, wa Mbagala au wa Gezaulole ni mkulima kweli, au ni mtu wa mjini ambaye hajapata kazi? Swali si dogo. Tukikosea jibu lake, uchambuzi wetu wa matabaka utamtoa mtu huyu katika safu ya wakulima wenye haki juu ya ardhi, na kumfanya kizuizi kinachongoja kuondolewa ili mji upite. Wala jibu halipatikani kwa kumtazama alivyo leo. Hatuna budi kurudi nyuma.

Kwanza kabisa lazima ieleweke kwamba mkulima huyu hakuufuata mji. Mji ndio uliomfuata. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, Wazaramo na Washomvi walikuwa tayari wakilima na kuvua kandokando ya kijiji cha Mzizima. Kunduchi, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya mawe yapo hadi sasa, na Mbwamaji upande wa kusini, ni makazi ya zamani kuliko Dar es Salaam yenyewe. Watu walipanda mpunga mabondeni, muhogo kwenye mchanga wa miinuko, na minazi ukingoni mwa bahari.

Katika desturi za pwani, mti na ardhi ni vitu viwili. Aliyepanda mnazi ni mwenye mnazi, hata kama ardhi ina wenyewe wengine. Anaweza kuuza mnazi, kuuweka rehani au kuurithisha, na udongo ukabaki mahali pake. Tunaliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata.

Serikali ya kikoloni ya Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani aliamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Mkoloni. Konde lililopumzishwa miaka michache ili lirudishe rutuba lilionekana machoni pake kuwa pori. Waingereza nao, kwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, waliziita ardhi zote kuwa za umma na kuziweka chini ya Gavana; marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua umilikaji wa kimila, lakini kama ruhusa tu.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alipinga katika andiko lake la Mali ya Taifa mpango wa kuigeuza ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na wenye fedha. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikafuta umilikaji binafsi wa kudumu. Huo ulikuwa ushindi mkubwa dhidi ya ukabaila, na hatuoni haya kuusifu. Lakini tuwe wakweli: mabepari walinyang'anywa hati zao, ila mkulima wa Uzaramo hakupewa yake. Ardhi ilipotwaliwa kwa upanuzi wa mji alilipwa fidia ya minazi, mikorosho na kibanda chake. Udongo haukuhesabiwa. Kwa hiyo desturi ya kutenganisha mti na ardhi, iliyokuwa kinga yake, iligeuzwa kuwa mlango wa kumtolea nje.

Gezaulole ni mfano unaofaa kusomwa kwa makini. Ni Mbwamaji ile ile ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilichaguliwa kuwa kijiji cha ujamaa, ikakusanya wenyeji pamoja na watu waliotoka mjini, na ikapewa jina la Kizaramo lenye maana ya jaribu uone. (Jina zuri kwa kijiji cha ujamaa, na la unyenyekevu kuliko majina mengi tuliyoyatoa wakati ule.) Mpango ulikuwa sahihi katika shabaha yake. Ulichosahau ni kwamba wenyeji walikuwa tayari na minazi na mikorosho yao, kila mti na mwenyewe, na mgeni kutoka mjini alipewa jembe bila mti.

Kosa hilo lilionekana kwa ukubwa zaidi operesheni za vijiji za 1973 hadi 1976 ziliposogeza watu nchi nzima. Mkorosho haubebeki. Mavuno ya korosho ya Taifa yalizidi tani 140,000 msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hayakufika hata robo yake. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini miti iliyoachwa mbali na nyumba za wenyewe ilichangia pia.

Upande wa mji, mwaka 1976 na tena 1983 chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira walikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Shabaha ilikuwa kila mtu ale jasho lake. Hata hivyo mwanafunzi wa historia atakumbuka kwamba mkoloni naye, mwaka 1944, alikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini aliowaita wasiotakiwa. Wengi waliopelekwa walirudi, maana walikuta shamba lisilo lao.

Wakati huo huo mshahara ulipokuwa ukipoteza thamani katika miaka ya 1980, karani, mwalimu na hata kiongozi walitafuta ekari mbili tatu huko Mbezi, Bunju au Kongowe. Mwanzoni lilikuwa shamba la kujikimu. Miiko ya Uongozi iliitaja nyumba ya kupangisha kwa jina. Shamba linalongoja bei ipande haikulitaja hivyo, ingawa ilikataza ubepari na ukabaila kwa jumla. Baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 hata mjadala huo ulipoa. Nani aliuza ekari zile? Mwenye minazi, aliyekuwa na njaa na ada ya shule, na aliyejua kwamba Serikali ikija kabla ya mnunuzi atalipwa mti peke yake.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilisema hatimaye kwamba ardhi yenyewe ina thamani na fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Miaka mitatu baadaye ulianza mradi wa viwanja 20,000, na Gezaulole ikawa mojawapo ya maeneo yake. Mkoa uliohesabiwa watu 843,090 mwaka 1978 ulikuwa na 5,383,728 mwaka 2022. Gezaulole sasa imo katika Wilaya ya Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke, na tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 mtu hahitaji kungoja kivuko. Kati ya kuta za viwanja ingalipo minazi iliyopandwa kabla ya kijiji cha ujamaa, na wapo wazee ambao bado wanaweza kukuambia kila mmoja ulikuwa wa nani.